Jiko Lisilo na Moshi

Jumapili, 4 Januari 1976

Daftari hili lilibaki darasani mwaka jana, halina mwenyewe. Naandika humu kwa kuwa aibu niliyoipata juzi sina wa kumsimulia.

Mkaguzi wa elimu ya watu wazima alitujia kutoka Handeni akanikuta nikiwafundisha akina mama wa kisomo somo la usafi wa nyumba. Nilikuwa nimechangamka kweli. Akafurahi, akasema, "Sasa twende tukaone kwa mwalimu." Darasa zima likamfuata. Uani hakukaa kwenye kiti nilichomwekea, alikwenda moja kwa moja kuchungulia jiko la mama. Jiko lile ni kibanda cha miti na udongo, jeusi kuanzia kizingiti hadi paa. Uzi mrefu wa masizi ukadondoka kwenye kola ya shati lake jeupe. Akaufuta kwa kidole, ukazidi kuenea. Akanitazama, akasema, "Kumbe ni kweli, kinyozi hajinyoi." Akina mama wakacheka, na Shida, yule jirani yetu wa upande wa kisimani, alicheka hadi akashika mti.

Mwisho wa Februari atarudi na wageni wa mkoa. Amesema watapita hapa hapa.

Jumanne, 6 Januari

Nimempeleka mama Mkata kupanda basi. Dada yangu Zuena amejifungua kule Masuguru, Korogwe, na mama atakaa naye mpaka arobaini ipite, pengine mpaka Maulidi. Basi lilipoanza kuondoka alitoa kichwa dirishani: "Mwinjuma, moto usilale jikoni. Moshi usikatike!" Nikaitikia. Wazee wana mambo yao na mizimu yao, sikutaka kubishana naye mbele za abiria.

Njiani nilipata wazo. Akirudi atakuta jiko jipya. Macho yake ni mekundu mwaka mzima kwa moshi ule, na mimi nina deni la shati jeupe.

Alhamisi, 8 Januari

Saruji mpaka kibali, na kibali mpaka Handeni, na Handeni wamesema saruji haipo. Mabati ndiyo usiseme. Kwa jogoo wawili nimepata madebe matano matupu ya mafuta ya taa kwa mwenye duka wa Mkata. Nitayakunjua niunde dohani. Udongo mwekundu upo, majivu yapo, udongo mweupe wa kupaka uko korongoni bure. Samadi nitaomba kwa mama Lemayian.

Jumapili, 11 Januari

Leo nimebomoa. Tangu nitoke jandoni sikuwahi kukaa jikoni kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, na leo nimeshinda humo. Mafiga matatu nimeyaviringisha hadi mgombani. Mke wangu Chausiku aliyatazama yakienda.

Juu ya moto kuna uchaga, na kwenye uchaga nimekuta mafungu saba ya mahindi na maganda yake, meusi tititi. Nilidhani ni ya mama peke yake. Chausiku anasema fungu moja ndilo la mama, mengine sita ni ya majirani. Tulipokusanywa hapa kijijini mwaka juzi sisi tulibaki kwenye nyumba yetu, wao walikuja kuanza upya na vibanda vya nyasi, basi wakaomba mbegu zao zikae kwa mama. Sawa. Mbegu huwekwa juu ili panya wasizifikie. Nimezizungushia nguzo za uchaga bati la debe, panya gani atapanda sasa? Hilo hata mababu hawakulifikiria.

Chausiku akasema, "Baba Mwanaidi, mama akirudi ataulizia moshi. Zile mbegu..." Nikamkatiza. Nikamuuliza, mke wa mwalimu gani anaogopa kuishi bila moshi? Akachukua ndoo akaenda kisimani.

Jumanne, 13 Januari

Nimeyamenya mahindi yote yale maganda machafu na kubakiza majani mawili mawili ya kufungia. Sasa yananing'inia yamepangwa mistari, meupe, safi, kama wanafunzi wa darasa la kwanza siku ya kufungua shule.

Jumatano, 14 Januari

Udongo. Mgongo unauma.

Jumapili, 18 Januari

Mama Lemayian ameleta samadi mwenyewe, vikapu vitatu kichwani. Huyu ni Sintamei, Mmasai, mjane. Ng'ombe wake karibu wote walikufa ule mwaka wa ukame, akabaki na mtoto wake Lemayian na mbuzi kidogo, akaja kukaa kijijini kwetu akisema atajifunza jembe. Watu walimcheka. Masika iliyopita alipanda kishamba cha kwanza maishani mwake, akavuna, akachagua mahindi thelathini ya mbegu. Ni fungu mojawapo kati ya yale saba. Darasani ndiye mwanafunzi wangu bora. Nikisema neno hulirudia kimyakimya kwa midomo.

Jumanne, 20 Januari

Limewaka! Jiko la udongo lenye matundu mawili, dohani imepenya ukutani, moshi wote unatoka nje. Nilikwenda uani kuutazama ukipanda, nikarudi ndani, nikatoka tena. Dirisha nimelitoboa, kuta nyeupe. Chausiku amepika ugali wa bada na mlenda bila kukohoa hata mara moja. Macho yake jioni yalikuwa meupe. Nilimwambia, "Unaona?" Akasema, "Naona."

Jumamosi, 24 Januari

Shida amekuja kulitazama jiko. Amelisifu sana, akagusagusa kuta, akatazama juu. Kisha akasema kaka yake wa Chanika ameomba mbegu, akaondoka na fungu lake.

Jumatatu, 2 Februari

Jua. Wawili wamekuja kuchukua mafungu yao. Mmoja amesema mumewe anataka kuyahesabu. Mwingine hakusema sababu.

Alhamisi, 5 Februari

Jua kali. Fungu jingine limeondoka.

Alhamisi, 12 Februari

Na la tano nalo limechukuliwa. Watu hawa! Wanaomba nafasi, wanapewa, ghafla kila mmoja na safari yake. Lakini uchaga umepungua mzigo na jiko linaonekana kubwa zaidi, wageni watalipenda. Yamebaki mahindi ya mama na ya mama Lemayian.

Jumapili, 15 Februari

Mama Lemayian alikuja jioni, akasimama mlangoni, hakuingia. Nikamwamkia, akaitikia. Akasema, "Mwalimu, wenzangu wamechukua mbegu zao. Na mimi nichukue?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Sijui. Wao wamechukua. Mimi kilimo sikijui, nakuuliza wewe."

Nilimweleza vizuri, kama darasani. Kwamba pale ni pakavu, pasafi, panya hafiki. Kwamba kibanda chake kinavuja. Kwamba wenzake wanafuata mazoea tu. Nikamwambia, "Hapa ziko salama kuliko kwako. Mvua ikifaa kupandia, mimi mwenyewe nitakuletea mpaka shambani."

Akasema, "Basi. Wewe umesoma." Akaenda zake. Nilijisikia vizuri usiku kucha.

Ijumaa, 20 Februari

Barua ya Zuena. Mtoto mzima. Mama anasalimu, anauliza moto unawaka? Nimejibu unawaka sana.

Jumamosi, 28 Februari

Wageni wamekuja, magari mawili. Waliingia jikoni wawili wawili. Bwana mmoja wa mkoa, mnene, alivuta pumzi puani akasema, "Hewa safi!" Mkaguzi aliyachezea yale mahindi ya uchagani kwa kalamu yake, akasema, "Hata mahindi yana nidhamu." Shati lake lilikuwa jeupe lilipoingia na jeupe lilipotoka. Nilipewa nafasi ya kusema. Nilisema kwamba adui yetu ni ujinga na kwamba ujinga mwingi umejificha majikoni. Nilipigiwa makofi. Akina mama wa kisomo walikuwa wamesimama nyuma, nao walipiga.

Namwomba Mungu anisamehe, siku ile nilijiona mtu mkubwa sana.

(Mstari huu wa mwisho nimeuongeza mwezi Machi.)

Jumatano, 3 Machi

Udongo mweupe umeanza kupukutika. Asubuhi nimekuta unga mwembamba mweupe juu ya jiko, umemwagika hata kwenye kifuniko cha sufuria.

Jumapili, 7 Machi

Unga tena. Nimefagia.

Jumatano, 10 Machi

Nimepaka udongo mweupe upya, safari hii nimechanganya na maji ya muhogo ili ushike. Chausiku alinishikia kopo. Nikamwambia huu udongo wa korongoni ni hafifu sana. Akasema, "Hapo juu hukupaka udongo, baba Mwanaidi." Nilidhani ananitania.

Jumatatu, 15 Machi

Mawingu upande wa Korogwe. Maulidi imepita. Mama anarudi kesho.

Jumanne, 16 Machi

Nimetoka jikoni sasa hivi. Mkono hautaki kuandika, lakini niliandika siku za makofi, lazima niandike na leo.

Mama alishuka Mkata na kikapu cha machungwa. Tulipofika nyumbani nilimshika mkono nikamwingiza jikoni kama bibi harusi. Akasimama. Akapitisha kiganja ukutani. Akacheka, tena akacheka kwa furaha kabisa, akasema, "Mwanangu, humu mtu anaiona sufuria yake!" Chausiku akawasha moto, mama akakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri sifa nyingine.

Akauliza, "Moshi unakwenda wapi?"

"Nje, mama."

"Wote?"

"Wote," nikasema, na nilisema kwa kujivuna.

Akainua uso. Akanyosha mkono akachukua hindi moja kutoka kwenye fungu lake. Hakulitazama. Alilisogeza sikioni, akasikiliza. Kisha akanipa mimi. "Sikiliza."

Nilisikia kitu kidogo kikitafuna. Vitu vingi vidogo.

Alilichukua tena, akalisugua kwa viganja viwili. Halikupukuchuka kama hindi, lilisagika. Unga ule ule mweupe ukamwagika mapajani mwake, na fukusi wakaanza kumpanda vidoleni. Punje zilizobaki zilikuwa maganda matupu yenye matundu. Tukachukua jingine, na jingine. Nikapanda juu ya kinu nikashusha fungu la mama Lemayian. Lilikuwa jepesi. Fungu la mahindi thelathini nililishusha kwa vidole viwili.

Mama hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alisema tu, taratibu, kwa Kizigua, kwamba tangu bibi yake mbegu hukaa moshini, fukusi haoni ndani wala hapumui, na ganda jeusi ni nguo yake. Alisema kama mtu anayemweleza mtoto. Nina miaka ishirini na saba.

Nikamgeukia Chausiku. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nilisema siku ya kwanza. Ukaniuliza mke wa mwalimu gani anaogopa kuishi bila moshi. Sikusema tena."

Nikataka kubisha. Nimekuja humu daftarini, nimefunua nyuma mpaka Januari kuitafuta sentensi ile. Ipo. Mwandiko ni wangu.

Mama aliuliza jambo moja la mwisho. "Yangu si kitu, mimi nina ndugu. Za nani nyingine zimeharibika?" Nikamtajia. Akafumba macho. "Utamwambia wewe. Si mimi, si Chausiku."

Jumatano, 17 Machi

Mvua ya kwanza. Sikwenda.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua. Watu wanapanda. Nilipotoka msikitini nilimwona mama Lemayian kwa mbali, amelima kishamba chake chote na kuchimba mashimo kwa mstari, mazuri, ya kipimo nilichomfundisha. Alininyoshea mkono. Nikapita njia ya nyuma.

Jumamosi, 20 Machi

Kesho nitakwenda.

Jumapili, 21 Machi

Mvua. Lemayian amekuja asubuhi amejifunika gunia. "Mama anasema, mwalimu, udongo tayari." Nikamwambia mwambie nakuja. Nilikaa kitandani mpaka adhuhuri. Mwanaidi, mwenye miaka mitatu, aliniuliza kama naumwa. Chausiku akamjibu, "Ndiyo, anaumwa."

Jumatatu, 22 Machi

Alfajiri mama amenivuta mguu. Ameshika ungo mtupu.

"Twende," akasema. "Nyumba tano. Mahindi sita sita, yatafika thelathini. Lakini mimi nitabeba ungo tu. Utaomba wewe, na utasema ni kwa nini."

Nilimsihi. Nilimwambia niko tayari kwenda kwa miguu hadi Handeni mjini kuomba mbegu kwa bwana shamba. Akasema mbegu ya bwana shamba ikija itakuja wakati watu wanapalilia, na twende.

Tulianza kwa Shida. Alikuwa akikoka moto, ndani ya kibanda chake kipya chenye moshi wa kukatisha pumzi, na mbegu zake zikining'inia pale juu, zimefungwa maganda mapya ya mgomba. Basi kaka yake wa Chanika hakuwahi kuziona. Nilimwamkia, nikaanza kuzunguka maneno. Mama akakohoa. Nikasema, "Mbegu za mama Lemayian zimeliwa na fukusi. Nimeziharibu mimi. Naomba mahindi sita."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alipanda akaanza kuchagua, akarudisha moja lililokuwa dogo na kuchukua kubwa.

Nikamuuliza, "Dada Shida, ulijua tangu ile siku ulipokuja?"

"Tulijua wote, mwalimu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe hutuulizi. Wewe unatufundisha."

"Na mama Lemayian? Yeye mlimwambia?"

Hapo akainamisha kichwa. "Nilimwambia. Nilimwambia njoo tukachukue. Akasema atakuuliza kwanza."

Nyumba ya pili, nyumba ya tatu, zote vivyo hivyo. Hakuna aliyenikatalia. Hakuna aliyenitukana. Kila nyumba niliyoingia moshi uliniuma macho na ikawa nafuu kwangu, maana machozi yalikuwa na kisingizio. Nimewafundisha wanawake hawa miaka miwili. Waliosikiliza nusu nusu wamepanda. Aliyenisikiliza neno kwa neno ndiye anayekaa na mashimo matupu.

Mvua ilizidi mchana. Mama amesema kesho asubuhi, peke yangu.

Jumanne, 23 Machi

Nimekwenda. Alikuwa amekaa mlangoni akifuta jembe. Alipoona ungo akasimama, akafurahi, akaita, "Lemayian! Mbegu!"

Nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia. Akachukua hindi moja juu ya ungo, akaligeuza. Punje zilikuwa za njano kidogo. Akachukua jingine, lilikuwa jeupe, na jingine lina ganda jeusi. Akasema, "Haya si yangu."

Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima, hata nilikuwa nimeyapanga ya kwanza, ya pili. Yakapotea. Nikasema, "Yako yameliwa yote. Niliondoa moshi. Sikujua kazi ya moshi."

Aliyarudisha yale mahindi kwenye ungo. Lemayian akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Hukujua?"

"Sikujua."

"Kama hukujua, kwa nini hukusema hujui?"

 Nilisema nisamehe mama. Akaupokea ungo kwa mikono miwili, akamwambia mwanawe kitu kwa Kimasai, wakaenda shambani. Nikawafuata ili nisaidie kufukia. Akasema, "Hapana, mwalimu. Tutaweza."

Alhamisi, 25 Machi

Mvua usiku na mchana. Sisi wenyewe tutapanda muhogo na mtama. Nimemwambia mama nitaing'oa dohani. Amekataa. Anasema macho yake yamepumzika, na Chausiku asirudishwe kukohoa kwa sababu ya hasira zangu. Wao wawili wameshapanga, kitajengwa kibanda kidogo cha mbegu nyuma, na mafiga. Waliniuliza kama nitawakatia miti. Nikawauliza niikate urefu gani.

Jumatatu, 29 Machi

Darasa limefunguliwa baada ya wiki ya kupanda. Nilikuwa na hakika mama Lemayian hatakuja. Amekuja, amekaa mahali pake pa siku zote, mbele, pembeni ya Shida, miguu ina udongo. Wamesema mahindi yake yameanza kutokeza, si yote.

Kabla ya somo nilisema mbele ya wote jambo nililolifanya. Nilisema kwa ufupi. Wakaitikia, "Tumesikia, mwalimu." Nilitegemea kifua kingekuwa chepesi baada ya hapo.

Nikageuka nikaandika ubaoni: *Chemsha maji ya kunywa.* Wakasoma pamoja, sauti zao zikajaa darasa. Sauti moja haikuwamo. Niligeuka na chaki mkononi. Mama Lemayian alikuwa ameyasoma maneno, nilijua, macho yake yalikuwa yamefika mwisho wa mstari. Lakini hakusogeza midomo. Alimwinamia Shida akamnong'oneza, si kwa siri, bali kama mtu anayeuliza saa:

"Eti, ni kweli?"

Shida akautazama ubao, akafikiri.

"Hiyo ni kweli," akasema.

Ndipo mama Lemayian akafungua daftari lake akaandika.